Uzi Mwekundu Mkononi mwa Bahati

Mwanangu, ipo siku moja ya mwezi wa nane ambayo haijanitoka kichwani, na leo nataka ukae hapa karibu na cherehani nikusimulie. Upepo ulikuwa ule wa Johannesburg wa mwisho wa baridi, unaobeba vumbi la njano la machimbo ya zamani na kulimwaga juu ya nguo ulizotoka kuzifua. Nilikuwa nimefunga mlango kwa ajili ya vumbi hilo. Mdogo wangu Bahati akagonga, akaingia na begi la shule mgongoni, amekuja kupumzika siku mbili kutoka bweni. Nilifurahi kumwona. Hata chai yake haijapoa, nilikuwa nimeshafanya kosa ambalo karibu limkoseshe shule.

Nakwambia wewe kwa sababu mdogo wako anakwenda bweni mwezi ujao, na naona unavyomlea peke yako tangu wazazi wenu waondoke. Nami nililea peke yangu.

Baba yetu alitangulia mapema. Mama akamfuata, huko Bukavu, nikiwa na miaka kumi na minne na Bahati akiwa na mitano. Nilikuwa mwaka wa pili wa sekondari. Nikafunga madaftari na sikuyafungua tena. Jirani mmoja akanifundisha kushona. Nilipotimiza miaka kumi na tisa nikamshika Bahati mkono tukaja huku kusini, tukapata chumba hapa La Rochelle, mtaa huu wa Johannesburg. Nilijiapiza jambo moja tu: huyu hataishia pale nilipoishia mimi. Watu waliniambia nimtoe shule anisaidie kazi. Niliwasikiliza kwa heshima, kesho yake nikampigia pasi sare yake.

Kwetu ndugu mkubwa huitwa yaya. Wakenya wa kanisani kwetu hucheka wakisikia, maana kwao yaya ni mtu wa kuajiriwa alee watoto wa wengine. Nawaacha wacheke. Bahati hajawahi kuniita jina jingine.

Alikuwa na kichwa cha hesabu. Akiwa na miaka kumi na tano mwalimu wake alimwandikia barua, akafanya mtihani, akapata nafasi ya ufadhili katika chuo kimoja cha sekondari, cha bweni na cha kimataifa, nje kidogo ya jiji. Wanafunzi wa pale walitoka nchi ambazo mimi sikuwahi kuzisikia. Desturi ya chuo ilikuwa kwamba sikukuu ya mmoja ni ya wote. Idi wote walikula pilau. Kabla ya kufunga shule wote waliimba nyimbo za Krismasi. Na Wahindu, ambao walikuwa wengi, walikuwa na Diwali, sikukuu ya taa, na Holi, ambayo watu hurushiana unga wa rangi.

Mwaka wa kwanza Bahati alinipigia simu, sauti imejaa furaha.

"Yaya, jana ilikuwa Diwali. Bweni zima lilijaa vitaa vya udongo, mpaka kwenye ngazi."

"Na wewe ulifanya nini?"

"Nilikula, Yaya. Vitamu vyao vina maziwa na siagi, ukila vitatu huwezi kutembea."

"Kula. Lakini usipige magoti."

"Hakuna aliyeniambia nipige magoti."

"Basi kula."

Holi nayo ilipopita, shati jeupe nililomshonea mwenyewe lilirudi nyumbani lina rangi ya waridi kifuani na kijani mgongoni. Nikalisugua kwa sabuni ya mche mpaka vidole vikachubuka, rangi haikusogea. Nililalamika wiki nzima, lakini ni malalamiko ya mtu anayecheka. Rangi na vitamu havikunitisha.

Uzi ulikuwa jambo jingine. Acha nikueleze wewe sasa, maana Bahati sikumweleza, na shida yote ilianzia hapo. Mama alipougua tumbo, ndugu za baba hawakumpeleka hospitali, walimpeleka kwa mganga. Mganga akamfunga uzi mwekundu mkononi, akasema usikatwe mpaka mwezi uandame mara mbili, na sindano ya daktari isimguse. Tukangoja. Mwezi wa pili haukumkuta. Mimi ndiye niliyeukata ule uzi, mama akiwa tayari hasikii. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na nilisema moyoni kwamba mtu wangu hatafungwa kitu mkononi tena maadamu mimi ni mzima.

Basi siku ile ya vumbi, Bahati alinyoosha mkono kuchukua kikombe, na mkono wa koti ukapanda. Chumbani alikuwemo Mama Esta wa kikundi chetu cha maombi, amekuja kujaribu gauni. Yeye ndiye aliyeona kwanza.

"Yesu wangu! Dada Faraja, mtoto amefungwa!"

"Amefungwa nini?"

"Mtazame mkono!"

Uzi mwekundu, umesokotwa na wa dhahabu, na shanga moja katikati. Mkasi nilikuwa nao mkononi. Nilimshika kifundo nikakata. Sikuuliza lolote.

Bahati aliruka kama aliyeungua. "Yaya! Hiyo si dawa! Ni uzi wa sikukuu. Meera ndiye amenifunga."

"Meera ni nani?"

"Dada yangu."

Mwanangu, neno hilo lilinichoma mahali ambapo uzi wenyewe haukufika. Kwa miaka mingi nilidanganya watu, hata nikajidanganya mwenyewe, kwamba nilikasirika kwa ajili ya imani. Imani ilikuwemo, sikatai. Hofu ya yule mganga pia ilikuwemo. Lakini sehemu kubwa ilikuwa wivu. Nilisikia kwamba kuna mtoto wa watu huko, aliyelala shibe maisha yake yote, anapewa nafasi niliyoipata mimi kwa kuacha kila kitu changu.

"Dada yako ni mimi," nikasema. "Mimi niliyekubeba mgongoni mpaka Uvira miguu ilipokushinda. Huyo alikubeba mpaka wapi?"

"Yaya, sikusema wewe si..."

"Hurudi tena huko."

"Amina," akasema Mama Esta, gauni nusu limevaliwa.

Bahati akamtazama yeye, akanitazama mimi. "Eish," akasema kwa sauti ndogo, kama watu wa huku wanaposikitika. Kisha akavua koti la shule, akalikunja vizuri kama nilivyomfundisha, akaliweka juu ya kitanda. "Sawa, Yaya."

Angebisha ningejua la kufanya. Kubishana ninakuweza sana. Lakini ile "sawa" ilikaa nasi chumbani kama mgeni asiyeaga. Jumapili alikwenda nami kanisani, akaimba. Jumatatu asubuhi aliketi pale unapokaa wewe, akaanza kushona vifungo. Alishona vizuri. Nilimwangalia nikaona mwanamume wa miaka kumi na saba anayeshona vifungo vizuri, na karibu nimwambie aache, lakini nikajikaza. Nilikuwa nimeshasema mbele ya watu.

Nikapiga simu chuoni. Karani akaniambia kwa adabu, "Mama, nafasi hii ina watoto wanaoingoja. Asipokuwa darasani Ijumaa asubuhi tutampa mwingine. Na wewe mlezi ni lazima uje utie sahihi na uchukue sanduku lake."

"Nitakuja," nikamjibu. Mimi nikisema nitakuja, huja.

Jumatano nilikuwa kwenye lango la chuo. Mlinzi wa pale alikuwa mzee mwenye nywele nyeupe, mtu wa Lubumbashi, wanafunzi wote walimwita Papa Kasongo. Nilikuwa nikiongea na Mama Esta kwenye simu, na mzee aliposikia Kiswahili alisubiri nimalize.

"Mama, weye ni wa kwetu. Unatafuta nani?"

"Nimekuja kuchukua vitu vya mdogo wangu, Bahati."

"Bahati wa hesabu? Anahama?"

"Namtoa. Wamemfunga uzi."

Nilidhani atashtuka pamoja nami. Alipandisha mkono wa sare yake. Kwenye kifundo chake palikuwa na uzi kama ule, ila wa kijani, umeanza kuchakaa.

"Kama huu?"

Nikarudi nyuma hatua moja.

"Usikimbie, mama, mimi ni shemasi miaka ishirini. Hii ni sikukuu ya ndugu ya batoto ba Kihindi. Msichana anamfunga kaka yake uzi, anamupaka rangi kidogo hapa kwenye paji la uso, anamulisha kitu kitamu. Kaka naye anaahidi kumusimamia. Kama hauna kaka karibu, unachagua mutu. Huyu aliyenifunga miye ni katoto ka mwaka wa kwanza, kalikuwa kanalia hapa langoni, kaka yake yuko mbali. Ningekakataa?"

"Na huyo Meera?"

"Ulimuuliza Bahati?"

"Sikumuuliza," nikasema.

"Basi nitakuambia mimi, na ni aibu kwako kuambiwa na mulinzi wa lango. Mwaka jana Bahati alikuwa na homa siku ine. Akatuomba tusikupigie. Alisema, 'Yaya akisikia ataacha kazi aje.' Meera ndiye alikuwa anamupelekea supu na madaftari. Mwezi wa nane ulipofika, akataka kumufunga uzi. Bahati akakataa, akasema nyumbani hawatapenda. Mwaka muzima, mama, alimukatalia mutu aliyemutendea mema, kwa sababu yako. Mwaka huu akakubali. Alipopita hapa Ijumaa alinionyesha. Akaniambia, 'Yaya ataniuliza, na mimi nitamweleza.'"

Papa Kasongo hakuwa amemaliza.

"Ulisoma mpaka wapi, mama?"

"Mwaka wa pili wa sekondari."

"Nani alikutoa?"

"Kifo," nikasema. "Mama yetu alikufa."

"Pole. Basi weye ulitolewa na kifo. Huyu anatolewa na nani?"

Mwanangu, nimekemewa na wengi, wachungaji, wenye nyumba, hata polisi. Hakuna aliyenigonga kama mzee yule, na wala hakuinua sauti. Nilikaa kwenye kiti chake bila kukaribishwa. Akanipa maji. Nilipoyamaliza nikamwomba aniitie Meera.

Wanafunzi walikuwa mapumzikoni. Alikuja msichana mwembamba anayekimbia, soksi moja imeshuka, kalamu imechomekwa nyweleni. Kiingereza changu ni cha kupima wateja viuno na mabega, lakini nilikitumia.

"Mimi ni dada wa Bahati. Nilikata uzi wako."

Macho yake yakajaa machozi, lakini hayakumwagika. "Kwa nini?"

Habari ya mama ni ndefu na sikuwa na Kiingereza chake. Nikamwambia kwa kifupi, "Niliogopa."

Akafikiri kidogo. "Aliniambia dada yake ni mkali," akasema. "Nikamwambia sawa, basi tutamwogopa pamoja." Halafu akakumbuka jambo, uso ukabadilika. "Anarudi lini? Daftari langu la fizikia liko naye! Mtihani ni Ijumaa!"

"Unalitaka daftari, au unamtaka yeye?"

"Vyote viwili, Aunti. Lakini daftari kwanza."

Papa Kasongo alicheka mpaka akashika lango. Mimi pia nilicheka, ingawa machozi yalikuwa yananitoka. Sanduku nililiacha pale pale bwenini. Karatasi za karani sikuzitia sahihi.

Safari ya kurudi nilijua kwamba kazi ngumu bado iko mbele. Kukasirika mbele ya watu ni rahisi. Kurudi nyuma mbele ya watu hao hao kunataka nguvu. Mama Esta alikuwa ananisubiri mlangoni.

"Umemtoa?"

"Sijamtoa. Kesho anarudi."

"Dada Faraja, utajibu mbele za Mungu."

"Nitajibu, Mama Esta. Na gauni lako liko tayari, uingie ulichukue."

Aliondoka bila gauni. Nikaingia ndani. Bahati alikuwa anatia zipu kwenye sketi ya mteja, mgongo kwangu.

"Bahati, nimekosa."

Cherehani iliendelea kulia.

"Nilikata bila kukuuliza. Nimekutana na Meera, nimemwomba radhi. Sasa nakuomba wewe."

Hakugeuka. "Kwa nini hukuuliza, Yaya? Ungeuliza tu. Nilikuwa nimepanga maneno yote njiani."

Ndipo nikamweleza habari ya mama. Nilimweleza ndugu za baba, mganga, mwezi uliongojewa, na uzi nilioukata kwa mikono yangu. Katikati ya maneno cherehani ikanyamaza.

"Uliniambia alikufa kwa tumbo."

"Lilikuwa tumbo."

"Hukuniambia habari ya uzi."

"Ulikuwa na miaka mitano."

"Sasa nina kumi na saba!" Alikuwa amegeuka, uso umelowa. "Miaka kumi na miwili umeibeba peke yako, halafu unanikasirikia kwa sababu siijui?"

Tulilia pamoja kwa mara ya kwanza tangu mazishi, maana kwenye mazishi yeye alikuwa mdogo na mimi nilikuwa na kazi. Aliponyamaza alifuta uso kwa kipande cha sketi ya mteja, nikamwacha.

"Nitarudi shule," akasema. "Lakini usinikatie tena kitu chochote kabla ya kuniuliza."

"Sitakukatia."

"Na Meera ni dada yangu. Wewe ni Yaya. Hapo hakuna atakayekutoa."

Alhamisi nilimsindikiza mpaka langoni, daftari la fizikia kwapani. Ijumaa asubuhi alikuwa darasani. Mtihani ule Meera alimshinda kwa alama moja, na wanabishana juu ya alama hiyo mpaka leo.

Diwali ilipokuja, chuo kikaalika familia. Nilikwenda. Mama Esta alisema sitakwenda, labda ndiyo maana nilitangulia kufika. Nilikaanga mikate ya kwetu, ile midogo ya mviringo kama maandazi, ndoo nzima, nikaketi kati ya mama yake Meera, aliyetoka Durban, na Papa Kasongo, aliyekuwa na zamu langoni lakini akajifanya zamu yake iko hapo hapo penye chakula. Waliposali sala yao nilikaa kimya kwa heshima, kama ambavyo ningependa mtu akae kimya ninaposali yangu. Nilirudi nyumbani nikiwa Mkristo yule yule niliyetoka, ila ninawajua watu wengi zaidi kwa majina.

Bahati alimaliza. Sasa anafundisha hesabu. Siku ya harusi yake Meera alikuja, akauliza akae wapi, na Bahati akamwonyesha safu ya ndugu, karibu nami. Meera hakujua kufunga kitenge. Kilikuwa kinamtoka kila akisimama. Aliyeinuka kwenda kumfunga vizuri, huku akinung'unika kwamba watoto wa siku hizi hawajui lolote, alikuwa Mama Esta.

Sasa nisikilize, mwanangu. Mdogo wako akienda kule atakula chakula usichokijua, ataimba nyimbo usizozijua, na atarudi na jina la mtu anayempenda ambaye wewe hujawahi kumwona. Usidhani umeibiwa. Mtoto aliyependwa vizuri nyumbani ndiye huyo anayeweza kupata ndugu popote, kwa hiyo ukiona amepata, jua kazi yako imefanyika. Akirudi na kitu kinachokutisha, muulize kwanza, na umwache amalize kujibu. Halafu nawe mwambie kile unachokiogopa na kilitoka wapi. Sisi tuliokuwa wazazi kabla ya wakati tuna tabia ya kuficha vidonda tukidhani tunawahurumia wadogo, kisha tunawapiga wanapovigusa bila kujua. Imani yako ishike, sikuambii uilegeze, maana mimi yangu sijailegeza. Na ukikosea, rudi mapema, hata kama walikuona watu ulipokuwa unakosea. Lakini shule, mwanangu, usiiguse. Njaa ikija, maneno ya watu yakija, hasira yako mwenyewe ikija, mtoto abaki darasani. Kwa hilo usimsikilize mtu yeyote, hata mimi nikizeeka nikaja kukuambia vingine.

Mungu aliyetutunza sisi tusio na baba wala mama akutunze na wewe. Akupe mikono isiyochoka na mdomo unaoweza kusema "nimekosa". Mdogo wako aende salama, akutane na watu wema wa kila lugha, asome mpaka mwisho wa masomo yake, na siku ya kumaliza, akigeuka kutafuta uso wako kati ya watu, akukute umesimama.